Pini Upande wa Kushoto

Ieleweke tangu mwanzo kwamba Bibi Kimya hakuwa na kichwa. Hakuwa na mikono pia, wala miguu, isipokuwa ule mmoja wa mti uliomsimamisha katikati ya chumba cha kushonea. Alikuwa sanamu ya kuvalishia nguo: kiwiliwili cha mbao kilichozungushiwa pamba na kitambaa kizito cha kahawia. Aliyemzungushia pamba hiyo alikuwa fundi wa zamani wa chumba hicho, na alimjaza kidogo kidogo mpaka sanamu ikalingana naye mwenyewe kifua, kiuno na nyonga. Kisha yule fundi akafa. Bibi Kimya akabaki amesimama na umbo la marehemu, akitazama dirishani bila macho.

Binti wa marehemu alirithi cherehani, Bibi Kimya na umbo. Hilo umbo halikugunduliwa mara moja. Siku moja, akiwa na miaka thelathini na tatu, alijishonea gauni akalivalisha sanamu kwa muda tu, likakaa kama limemwagwa. Tangu hapo hakuhangaika tena na kioo. Alimvalisha Bibi Kimya, akarekebisha juu ya Bibi Kimya, na siku ya kuvaa ikifika akavaa. Mtaa mzima ulimwita Fundi, hata watoto, hata wale waliomjua jina.

Wiki hiyo gauni lililokuwa juu ya sanamu lilikuwa la harusi yake mwenyewe. Zilibaki wiki tano.

Na kila asubuhi, alipofungua madirisha, alikuta pini moja imechomekwa kwenye gauni hilo. Upande wa kushoto, vidole viwili kutoka kwapani, pale kifua kinapoanza kupanda. Jumatano aliichomoa akaguna. Alhamisi aliichomoa akacheka peke yake. Ijumaa hakucheka. Jumamosi alizihesabu pini zote kabla ya kufunga, akazitia kwenye kopo, akalifunga kopo kwa mfuniko wa kuzungusha. Jumapili aliichomoa tena, akafunga chumba, akamwachia ufunguo Mama Mdogo, akaenda kwa wakwe watarajiwa kutwa nzima, na Jumatatu akaikuta pini mahali pake, inang'aa.

"Ni mama yako," alisema Mama Mdogo, akiwa mlangoni na kitambaa cha meza alichokuwa akikifuma. Alisema kwa sauti ya mtu anayetaja nani kabisha hodi.

"Mama Mdogo, mama ana miaka kumi na saba kaburini."

"Ndiyo maana anatumia pini. Angekuwa hai angetumia mdomo. Haitaki ndoa hii."

"Ndoa imemkosea nini?"

"Ndoa haijamkosea. Mwanamume ndiye. Kutwa kucha kazi yake kuwapiga picha wake za watu maziwa."

"Anapiga picha za eksirei. Mara nyingi mifupa."

"Mifupa iko wapi kwenye titi? Nionyeshe."

Fundi akainama kwenye cherehani. Nyuma yake, pindo la gauni la harusi likayumba polepole, kushoto, kulia, kushoto, na upepo haukuwapo.

*

Mwanamume mwenyewe aliitwa Bwana Mifupa, jina alilopewa na wagonjwa wake naye akalikubali kwa unyenyekevu mkubwa. Alikuja saa nane mchana siku hiyo hiyo, saa ambayo barabara huwa kimya na jua hubana mpaka milango ya maduka inaonekana kama inalala. Alikuwa na koti jeupe mkononi na harufu ya sabuni ya hospitali shingoni, harufu ambayo Fundi, kwa sababu zisizo na maelezo, aliiona tamu kuliko manukato yote aliyowahi kununuliwa.

"Mrembo wangu."

"Mmh," alijibu Fundi. Alikuwa na pini tatu katikati ya midomo. Mapenzi na fundi wa nguo yana masharti yake: usimbusu kabla hajazitema.

Akazitema kiganjani. Akambusu. Wakatazamana kwa muda ambao, kwa watu wengine wasio wachumba, ungehesabiwa kuwa utovu wa adabu.

"Unanitazamaje hivyo?" aliuliza Fundi.

"Nahesabu siku."

"Thelathini na nne."

"Nilidhani mimi peke yangu ndiye mwenye ugonjwa huu."

Alikaa kwenye kigoda cha wateja. Fundi alirudi kwa Bibi Kimya, akazirudisha pini mdomoni, wakaanza mazungumzo yao ya kila siku: yeye anaongea, Fundi anaguna kwa meno.

"Leo tena wamekimbia," alisema Bwana Mifupa. "Kina mama kumi na wawili walikuwa benchi, wanacheka, wanabadilishana mambo yao. Nikafungua mlango nikasema, karibuni. Wote kumi na wawili wakakumbuka wameacha sufuria jikoni."

"Mmh!"

"Usicheke. Mmoja alikuwa na uvimbe, muuguzi aliniambia. Naye ana sufuria." Akalitandaza koti lake juu ya meza ya kukatia. "Basi nimekwenda kwa mganga mkuu kwa mara ya tatu. Amekubali. Kuanzia wiki hii, Alhamisi mimi simo kabisa. Yuko dada mmoja mzoefu, anatoka hospitali ya pili. Alhamisi kile chumba hakiingii mwanamume, hata wa kufagia. Na lile bango la mlangoni lenye neno saratani kwa herufi nyekundu, nimeling'oa. Hakuna mtu aliyekubali kuonekana amekaa chini yake. Sasa pameandikwa Chumba cha Nne, basi."

Fundi alikuwa amegeuka upande. Alikuwa anasikiliza, macho yake yakiwa kwenye mshono wa bega. Mkono wake wa kulia ukapanda taratibu, ukapita mbele ya kifua chake mwenyewe, ukaingia chini ya kwapa la kushoto. Vidole viwili vikasimama mahali pamoja, vikabonyeza, vikazunguka kama vinavyozunguka juu ya punje ya kunde. Kisha mkono huo huo ukatoa pini moja mdomoni ukaichomeka kwenye gauni la sanamu. Kushoto. Vidole viwili kutoka kwapani.

Halafu akaendelea na bega.

Bwana Mifupa alisimama. Kigoda kikaanguka nyuma yake.

"Umefanya nini hapo?"

"Mmh?"

"Hiyo pini."

Fundi akaitazama. Akazitema zilizobaki, zikatawanyika sakafuni kwa sauti ndogo ndogo.

"Sijaichomeka mimi."

"Umeichomeka sasa hivi. Nimekuona. Kwanza umejigusa, halafu umeichomeka."

"Usinitanie, tafadhali. Si kwa jambo hili."

"Nitazame. Nina sura ya utani?"

Hakuwa nayo. Na Fundi aliijua vizuri kazi ya pini. Fundi akiona mahali nguo inapovuta, huchomeka pini hapo, ili kesho akiwa na akili iliyopumzika akumbuke kurekebisha. Mkono hufanya wenyewe. Mkono wake ulikuwa umeona mahali panapovuta, ukaweka alama, jioni baada ya jioni wakati wa kufunga, nao haukuona haja ya kumweleza mwenyewe.

"Kuna kitu hapo?" aliuliza Bwana Mifupa kwa upole.

"Hakuna."

"Mpenzi."

"Nimesema hakuna! Na kama kipo, kitakuwapo baada ya harusi. Wiki tano ni nini?"

"Wiki tano ni wiki tano. Twende Alhamisi."

"Unajua mama aliingia hospitali kwa miguu yake? Alikuwa anacheka na dereva. Walimfungua, wakaangalia, na miezi mitatu baadaye tukamzika. Asingeangaliwa angekuwapo."

"Aliangaliwa mwishoni. Hapo ndipo tatizo lilipo."

"Umejuaje? Ulikuwapo? Alikufa kwa kifua. Kifua tu, kila mtu anajua."

Bwana Mifupa akaitazama pini, na kutazama kwake kulimuudhi Fundi kuliko jibu lolote.

"Na mama yako," aliendelea, "jana ameniuliza kwetu tuna magonjwa gani. Ananipakulia wali, anauliza. Nikamwambia hatuna. Unataka nirudi wiki hii nimwambie nini? Na wewe..." Akalishika pindo la gauni. "Wewe hujawahi kuniona. Unanielewa? Nimejitunza, nimeshona hata nguo ya ndani ya siku hiyo. Sitaki mara ya kwanza kunitazama iwe ni kwenye mashine, nimebanwa kama chapati."

Bwana Mifupa alitaka kucheka, maskini, na alitaka kulia, akashindwa kuchagua.

"Alhamisi sitakuwamo," alisema. "Nimekuambia. Hata picha sitaigusa. Nikuapie kwa nini?"

"Toka."

"Mpenzi wangu..."

"Nenda kawapige picha wenye kutaka! Toka, nina kazi."

Alitoka. Koti jeupe alilisahau juu ya meza ya kukatia. Fundi alilitazama kwa muda mrefu. Lilikuwa limelala na mikono yake miwili imenyooshwa, kama mtu aliyelazwa chali.

*

Alibaki na Bibi Kimya.

Jioni ilipokaribia alizisikia sauti za barabarani zikikoma moja baada ya nyingine: yule mchomelea vyuma wa ng'ambo, redio ya kinyozi, kuku. Kukawa kimya kile ambacho mtu husikia masikio yake mwenyewe. Akalivua gauni kwenye sanamu, akaligeuza ndani nje juu ya meza, apate kitu cha kufanyia mikono.

Mshono wa ubavu wa kushoto ulikuwa umelegezwa.

Si sana. Upana wa ukucha. Ule wa kulia ulikuwa vilevile alivyoushona mwezi uliopita, lakini wa kushoto ulikuwa umefumuliwa na kushonwa upya nje kidogo, kwa mkono, kwa mishono midogo sana isiyo na haraka. Mishono yake. Hakuna mtu mwingine mjini aliyefunga uzi namna ile. Na hakukumbuka.

Sasa lipo jambo moja kuhusu kitambaa ambalo mafundi wanalijua na wengine hawana shida nalo. Kitambaa hakisahau sindano. Ukifumua mshono, matundu hubaki yamejipanga, hata ukipiga pasi.

Alikwenda kwenye sanduku la bati chini ya dirisha, akatoa gauni la mwisho la mama yake, la kijani lenye maua madogo meupe, ambalo halikuvaliwa na mtu tangu siku ile ya kucheka na dereva. Aliligeuza ndani nje.

Upande wa kulia, mstari mmoja wa mshono. Upande wa kushoto, mshono na mistari mitatu ya matundu, mmoja ndani ya mwingine, kila mmoja umesogea nje kuliko uliotangulia. Mara tatu. Mara tatu mama yake alikaa kwenye cherehani hii, akafumua, akaupisha mwili uliokuwa unakua mahali usipotakiwa kukua, akashona, akavaa, akatoka kusalimia watu. Fundi bora mtaani. Mwili ulikuwa na kasoro, naye akarekebisha nguo.

"Rudisha hilo gauni."

Mama Mdogo alikuwa mlangoni. Hakuna aliyemsikia akija.

"Ulijua," alisema Fundi.

"Rudisha, mwanangu."

"Mama Mdogo. Ulijua?"

Mama Mdogo aliingia, akaketi kwenye kile kigoda, baada ya kukiinua. Alikaa mgongo wima, na hapo ndipo Fundi alipoona kitu ambacho alikuwa akikiona maisha yake yote: mabega yale, kifua kile, kiuno kile. Wote watatu chumbani, yeye, mama yake mdogo na sanamu, walikuwa na umbo moja.

"Alinionyesha," alisema Mama Mdogo. "Hapa hapa. Alifunga madirisha. Kilikuwa kama punje tu. Nikamwambia twende. Akasema, ngoja kwanza uolewe. Wakwe wakisikia nyumba ina ugonjwa wa matiti watamchukua kijana wao. Nilikuwa na posa mezani. Akaniapisha nisiseme."

"Ukasubiri."

"Nikasubiri. Akanishonea gauni, lilikuwa zuri mno. Nikaolewa." Akakitazama kitambaa chake cha meza. "Na yule! Mwanamume aliyekwenda kununua betri za redio mpaka leo hajazipata. Kwa ajili ya yule!"

Fundi alicheka. Hakutaka, kicheko kilimponyoka, kikageuka kuwa kilio kabla hakijafika mwisho, na Mama Mdogo akasimama akamkumbatia, na wakabaki hivyo wakitikisika, wala isingewezekana kusema nani anacheka na nani analia.

"Ndiyo maana nilisema haitaki ndoa," alinong'ona Mama Mdogo nyweleni mwake. "Nilipoiona ile pini nilijua inaonyesha nini. Nikaona bora niseme ni mzimu kuliko kusema hilo neno."

"Pini ni mimi. Mchumba wangu amenishuhudia. Kila jioni nachomeka mwenyewe na sijui."

Mama Mdogo alijitoa polepole kifuani mwake.

"Kila jioni?"

"Ndiyo."

"Jumapili ulikuwa kwa wakwe. Ulirudi ukalala. Ufunguo wa chumba hiki ulikuwa shingoni mwangu, na mimi sikuingia."

Hakuna aliyegeuka kumtazama Bibi Kimya. Yapo mambo ambayo watu wenye heshima zao huyaacha nyuma ya mgongo.

"Alhamisi," alisema Fundi.

"Nitakusindikiza," alisema Mama Mdogo. "Kukushikia mkoba tu."

*

Benchi la Chumba cha Nne lilikuwa refu, la mbao, limelainishwa na makalio ya miaka mingi. Kina mama wengine walikuwa wanane. Hakuna aliyetaja walichokuja kufanya. Waliongea habari za bei na magoti, na kila mlango ulipofunguliwa walinyamaza pamoja, kisha wakaendelea walipoachia.

Aliyeitwa kuingia ni Fundi. Mama Mdogo akaingia naye na mkoba, na alipoambiwa akae nje alijifanya amepatwa na uziwi, akajibanza nyuma ya pazia la kubadilishia nguo.

Chumba kilikuwa baridi. Mashine ilisimama katikati, ndefu, na mguu mmoja, bila kichwa. Fundi aliitazama, akashika ukingo wa meza.

"Usiiogope," alisema dada wa Alhamisi, mwanamke mnene mwenye miwani. "Inabana, haiumi sana, dakika chache. Kwanza nijibu maswali." Akachukua kalamu. "Una uvimbe?"

"Ninao." Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka mdomoni mwake, na kuta hazikuanguka.

"Tangu lini?"

"Sijui. Mkono unajua."

Dada alimtazama juu ya miwani, akaandika kitu. "Kuna mtu wa damu yako aliyewahi kuugua saratani ya titi?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini. Lilikuwa tayari kwa miaka kumi na saba: alikufa kwa kifua. Wiki moja nyuma angelisema bila kupepesa. Alifungua kinywa, na kabla sauti haijatoka, ikatoka nyingine, nyuma ya pazia.

"Mama yake," alisema Mama Mdogo. "Dada yangu mimi. Andika. Na mama yetu aliyetuzaa, nadhani. Naye walisema ni kifua."

Kalamu iliandika. Ilichukua muda.

"Na wewe, mama, umewahi kuangaliwa?"

"Mimi nimeshika mkoba."

"Mkoba tutauweka kwenye kiti."



*

Alipotoka, alimkuta Bwana Mifupa.

Hakuwa na koti jeupe. Alivaa shati la kawaida, amebanwa mwisho wa benchi, mwanamume peke yake kati ya wanawake wanane waliokuwa wakimtazama kama mbuzi aliyeingia sebuleni.

"Nimemwambia huku si kwa wanaume," alisema mmoja kwa sauti. "Anasema anamsubiri mchumba."

"Ndiye huyu," alisema Bwana Mifupa, akasimama. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakuuliza. Wale kina mama, ambao dakika moja nyuma walikuwa tayari kumtimua, wakasogea wote pamoja, pakapatikana nafasi ya watu wawili.

Fundi alikaa. Bega lake likagusa la mwenzake, akaliacha hapo.

"Kipo," alisema. "Kidogo. Ni nini, picha haisemi. Jumatatu daktari atatoa kipande kwa sindano."

"Nitakuja Jumatatu."

"Na mama yako?"

"Nimemwambia jana jioni. Kwamba huenda unaumwa, na kwamba nakuoa."

"Akasemaje?"

"Aliingia chumbani akafunga mlango. Asubuhi hii aliniuliza Alhamisi ni mpaka saa ngapi."

"Kwa nini?"

"Hakusema kwa nini."

Fundi akautafuta mkono wa mwenzake akaupata. Alikuwa na hofu. Hofu ilikuwa imekaa kifuani palepale, haikuwa imeondoka, lakini sasa ilikuwa na watu wa kukaa nayo.

"Mama Mdogo yuko wapi?" aliuliza Bwana Mifupa.

Fundi akageuza uso kuelekea mlango wa Chumba cha Nne, uliofungwa. Mkoba wake ulikuwa bado ndani. Kwanza haikusikika sauti yoyote. Halafu viatu vikasogea kwenye saruji, na kitu kizito cha chuma kikashuka taratibu.

"Usipumue," ilisema sauti ya dada wa Alhamisi.

Na kwenye benchi, wanawake wanane, mwanamume mmoja na Fundi walibana pumzi, wote pamoja, wakangoja waruhusiwe.